Chini ya Kisiki cha Mlingoti

Mlingoti, au mkaratusi kama wengine wanavyouita, uliokuwa nyuma ya nyumba yetu Igowole ulikatwa baada ya tawi lake kuanguka na kutoboa bati la jikoni. Mwenye chenso aliuangusha vizuri, akaupasua magogo, akabeba zana zake na kuondoka. Kisiki hakikuwa kwenye makubaliano.

Anayeujua mlingoti anajua kwamba kuukata si kuuua. Kila mvua zilipoanza, kisiki kilichipua machipukizi mekundu, na mke wangu aliyafyeka kwa panga huku akikisema kama anavyomsema mbuzi. Kilikuwa katikati ya bustani ya mboga na kilikunywa maji yote. Kabichi zilizopandwa karibu nacho ziliishia ukubwa wa ngumi.

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji na jenereta. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusoma vijitabu vinavyokuja na mashine na kwa kufungua vitu vilivyokufa, na kutoka huko nimebaki na tabia ya kusoma kwanza kabla ya kushika chochote. Nilisoma kuhusu visiki kwenye simu, jioni baada ya jioni. Kukichoma nilikukataa, kwa sababu mzizi wa mlingoti hushika moto chini ya ardhi ukatembea nao kimya kama mkaa, na upande wa pili wa uzio jirani yangu alikuwa na banda la nyasi kavu za ng'ombe. Kukiacha kioze ni kazi ya miaka. Ilibaki kuchimba.

Huyo jirani nimtambulishe. Ni Mhehe, mstaafu wa kiwanda cha mbao. Nilipohamia hapa kutoka Mbeya sikuwa namjua mtu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka uzio kuja kunisalimia. Alivukia kwenye pengo ambalo mpaka leo hatujaliziba, wala yeye wala mimi. Kila jioni alipitia hapo kuja kusikiliza taarifa ya habari, ingawa redio anayo. Alidai yangu inasema vizuri zaidi. Asubuhi, jagi la maziwa lilipitia hapo hapo. Rafiki nina mmoja katika mji huu, na ni huyo.

Siku niliyoanza kuchimba alisimama kwenye pengo.

"Kamwene."

"Kamwene, jirani."

"Unafanya nini?"

"Nang'oa kisiki."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Huku kisiki haking'olewi na mtu mmoja. Unaita watu, mama anapika, pombe ya ulanzi inashuka, jioni kisiki kiko barabarani. Ninyi Wanyakyusa mmezoea kung'oa migomba, ndiyo maana unaona ni kazi ya mtu mmoja."

Nilicheka. Nilimwambia asante, ila nataka nione kama mtu mmoja akifuata utaratibu anaweza. Aliangalia vigingi nilivyokuwa nimevizungusha na kamba niliyofunga kati yake.

"Na hizi kamba?"

"Ni mpaka wa shimo."

"Kisiki nacho kina mpaka," alisema, akarudi kwake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Nilichimba mfereji kuzunguka kisiki, mbali kidogo na shina. Kabla ya kupiga jembe nilichoma ardhi kwa nondo ndefu iliyochongoka nikisikiliza, maana jiwe hulia na mzizi hunyamaza. Mizizi niliyoifikia niliiosha kwa maji, kwa sababu mchanga unaua makali ya shoka. Iliyotakiwa kukatwa kwanza niliiwekea msalaba wa chokaa, na ile ya mwisho niliizungushia duara, ili kisiki kisije kikanilalia mguuni. Jioni nilifunika shimo kwa turubai, kwani manyunyu ya Mufindi hayana ratiba.

Nilikuwa naridhika sana na kazi hiyo. Sikuwahi kujiuliza ilivyoonekana kutoka upande wa pili wa uzio: mtu mzima anatega sikio kwenye nondo, anachora misalaba myeupe, anafunika shimo kila jioni na hataki msaada.

Maziwa ndiyo yaliyotangulia kukatika. Mke wangu alikwenda na jagi akarudi nalo tupu, akaambiwa ng'ombe amepunguza. Ng'ombe huyo alikuwa amezaa juzijuzi tu. Kisha jirani akaacha kuja kwenye taarifa ya habari. Badala yake wakaanza kuja watu nisiowajua vizuri, wakisalimia kwa kirefu huku macho yao yako nyuma ya bega langu. Mwenye mashine ya kusaga aliniuliza, "Umefika wapi, mzee?"

"Nimefika kwenye mzizi mkuu."

"Aa. Mzizi," alisema, akanikonyeza.

Mke wangu ndiye aliyeleta maelezo, akitoka kwenye sala ya jumuiya. Alikaa akaanza kumenya viazi kabla hajasema.

"Baba, wanasema unachimba mali ya Mjerumani."

Asiye wa huku huenda asijue. Hadithi hiyo ni ya tangu mababu: Wajerumani walipokimbia vita walizika masanduku ya fedha, wakaacha alama juu ya mawe na miti ili warudi kuyachukua. Nimeona vilima vilivyotobolewa kwa ajili ya alama ambayo pengine ni kucha za chui tu.

"Wameniuliza mashine ya kupimia umeinunua wapi," aliendelea.

"Mashine gani?"

"Ile nondo."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka.

"Na jirani anasemaje?"

"Yeye hasemi kitu. Mke wake ndiye aliyeniambia. Anasema mzee ameumia. Miaka yote hii mnakunywa chai pamoja, kumbe ulikuwa unangoja mti ukatwe."

Mji mzima ukinicheka naweza kuendelea kukaza boliti zangu. Hili lilikuwa jingine. Niliweka shoka chini nikavuka uzio. Nilimkuta anakata nyasi za ng'ombe kwa mundu, na hakuinua kichwa.

"Jirani, ni kisiki tu."

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Alikata fungu lingine la nyasi, akalilaza chini taratibu.

"Nikuulize. Nani anapanda mlingoti mmoja?"

Huku milingoti hupandwa kwa ekari, kwa mistari, iwe nguzo na kuni. Wa kwangu ulikuwa umesimama pale peke yake, mnene kuliko yote ya mtaa, na katika kusoma kwangu kote swali hilo halikuwa limenijia.

"Sijui," nilisema. "Kiwanja nilikinunua nikaukuta umesimama."

"Kila kitu unajua, hili tu hujui."

"Hili sijui."

"Na misalaba?"

"Ni mizizi ya kukata kwanza."

"Hata Mjerumani alikuwa anaweka misalaba."

Niliona kila jibu la kweli linanizamisha zaidi. Nikaacha kujibu. Nikamwambia, "Njoo tuchimbe wote. Kitakachotoka, nusu yako."

Aliweka mundu chini.

"Nusu kwa nusu?"

"Nusu kwa nusu."

"Mkeo asikie."

Mke wangu alikuwa anaanika nguo upande wa pili na alikuwa amesikia yote. "Nimesikia," alisema. "Na kisiki chenyewe mgawane."

Tulipokuwa wawili kazi ilikwenda mbio, ingawa kwa ubishi. Yeye anajua mti unavyolala, mimi najua mnyororo unavyovuta, na kila mmoja alitaka mwenzake asimame mbali. Tulisimamisha nguzo tatu, nikatundika cheni bloku ya karakana, ile ya kuinulia injini, tukakata mizizi ya misalaba na baadaye ile ya maduara. Kisiki kikaanza kupanda polepole, udongo ukidondoka kwa mabonge. Nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo muda mrefu. Jirani hakukiangalia hata kidogo. Alikuwa ameshaingia shimoni.

"Bado," alisema kutoka chini.

Kwa hesabu yangu kazi ilikuwa imekwisha, na shimo lilitakiwa kufukiwa kabla mvua haijalijaza. Nikampa beleshi. Tukachimba kwa zamu, tukashuka mpaka aliyekuwa chini alionekana kofia tu. Kuna wakati mtaimbo uligonga kitu kigumu. Jirani alipiga magoti, akafukua kwa mikono, akatoa jiwe. Aliligeuza kila upande, akalifuta kwa shati lake, akalichunguza tena kabla ya kulitupa nje.

Vijana waliokuwa wakipita barabarani waliita, "Wazee, mmefika Ujerumani?"

"Tumefika," alijibu bila kusimama. "Tunasalimia tu."

Alicheka kwanza yeye, nami nikafuata.

Mwisho tulifika kwenye udongo wa njano. Nimechimba visima vya kutosha kujua nilichokuwa nakiangalia. Udongo uliowahi kufukuliwa huchanganyika na hauwezi kurudi ulivyokuwa, na kuta za shimo letu zilikuwa na tabaka zilizolala sawasawa, nyeusi, nyekundu, kisha njano. Hakuna mkono uliowahi kufika pale kabla ya mikono yetu. Maelezo nilikuwa nayo tayari, na kidole nilikuwa nimeshakinyoosha kumwonyesha.

Alipanda, akakaa ukingoni, miguu ikining'inia shimoni. Akavua kofia akajifuta uso. Mke wangu alituletea chai, akachungulia chini, akarudi jikoni. Jirani alikunywa kidogo, akatazama shimo.

"Walisharudi," alisema. "Wakachukua, wakafukia vizuri. Wale watu walikuwa na utaratibu."

Niliziangalia tena zile tabaka. Nikashusha kidole.

"Wametuwahi," nilisema.

"Wametuwahi kabisa," alisema. Alimaliza chai yake, akachukua beleshi, akaanza kurudishia udongo kuanzia upande wake.