Zimwi la Lifti ya Tatu

Vidole viwili vya mguu wangu wa kushoto vimenitangulia kaburini, na waliovitanguliza nawajua wote. Wa kwanza ni mudiri, mkubwa wa karakana yetu kule mtaa wa Ghala, Maskati, aliyeambiwa mara tatu kwamba lifti ya tatu ya kunyanyulia magari inavuja mafuta na inashuka peke yake. Wa pili ni karani wa ofisi, aliyeandika ripoti ya ajali bila ya kutoka nje ya kiyoyozi. Wa tatu ni mimi, niliyeitia sahihi ripoti hiyo nikiwa kitandani hospitali, bila ya kuisoma. Majina yao hapa siyaandiki. Nimeshayaandika pahala pengine, na hicho ndicho kisa chenyewe.

Ripoti ilikuwa na kurasa mbili na mstari mmoja wenye maana: ajali imesababishwa na uzembe wa fundi. Fundi ndiye mimi. Mstari ukaingia katika faili langu ukakaa miaka sita. Kila nafasi ya usimamizi ilipotokea, faili lilifunguliwa, mstari ukasomwa, faili likafungwa. Watu niliowafundisha kushika spana wakawa wakubwa zangu, wakinipita asubuhi wananiuliza mguu unaendeleaje, kama kwamba mguu ndio unaoniuma.

Siku nilipokwenda kumwomba mudiri mstari ule ufutwe, alinipokea kwa kahawa na tende. Naye ni mtoto wa watu wa Unguja kama mimi, na mama zetu walikuwa wakialikana maulidi. Tatizo la mudiri ni kwamba akitaka kukuomba kitu hukuomba kwa Kiswahili, na akitaka kukukatalia huhamia Kiarabu. Siku ile alianza vizuri, akafika kati ya sentensi, akahama. Nikajua imekwisha. Aliyoyasema ni kuwa maneno ya mdomo hayafuti maandishi, na kama nna hoja basi niiandike, ipite njia yake. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, maana hili alitaka lifike sawasawa.

"Lakini ndugu yangu, ujifunze kuandika kwanza."

Nikaenda kujifunza.

Skuli niliiacha Unguja darasa la sita. Nilipoletwa Maskati na mama yangu nilikuwa mkubwa mno wa kukalishwa na watoto wadogo, nikapelekwa gereji. Kiarabu cha kusomea msahafu nnacho, cha ofisi sina. Kiingereza changu nimekisoma kwenye maboksi ya spea: najua kusema upande huu uwe juu, bidhaa ikiuzwa hairudishwi, na weka mbali na watoto. Kwa elimu hiyo nikajiunga na kozi ya insha za Kiingereza katika chuo kimoja mtaa wa Khoudh, darasa la watu wazima, siku mbili kwa wiki baada ya alasiri. Chuo hicho hakina ubaguzi. Kinapokea kila anayepumua na kulipa.

Mimi nilidhani nitafundishwa barua. Mahali pa kuweka tarehe, mahali pa kuweka heshima na taadhima, mahali pa kuweka shida yako. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa mtaa wa Ghubra, mdogo kuliko binti yangu mkubwa, na bibi yake alikuwa wa Unguja pia. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari, kwa hiyo darasa zima likimwita daktari. Mke wangu aliposikia nasomeshwa na daktari aliniambia nimwonyeshe mguu.

Siku ya kwanza aliandika ubaoni kwamba kuna nchi inatawaliwa na joka lenye mbawa. Chini yake akauliza: joka hilo limepewa ruhusa na nani? Akatwambia tutajifunza insha kwa njia mbili, hadithi za maajabu na maneno ya wanavyuoni wa utawala. Hadithi zitatupa mambo ya kusema, na wanavyuoni watatufundisha kuyasema bila ya kupayuka. Nikatazama kulia na kushoto. Palikuwa na wauguzi wawili, mlinzi wa benki, askari mstaafu, na wengine kumi hivi, watu wazima wenye wajukuu, kila mmoja keshafungua daftari anaandika "joka". Nyuma kabisa alikaa mtoto wa dada yake mudiri. Yeye alikuwa anatafuta cheti ili apewe usimamizi wa karakana, nafasi ileile ambayo faili langu lilikuwa linafunguliwa na kufungwa kwa ajili yake. Udi wake ulikuwa ukiingia darasani kabla yake.

Daktari akatueleza kwamba zamani wanavyuoni walisema watu walikuwa wakiogopana, wakaona bora wamkabidhi mmoja nguvu zao ili awalinde. Hayo wakayaita mapatano. Askari mstaafu akanyoosha mkono akauliza kikao kilifanyika wapi na nani aliandika kumbukumbu. Daktari akasema kikao hakikuwepo, ni jambo la kukadiria. Askari akasema kijijini kwao hata zamu ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, haigawiwi kwa kukadiria, watu husimama pale na saa mkononi. Tukacheka, na daktari akacheka, kisha akamwambia hiyo ndiyo insha yake, akaiandike.

Mimi joka silijui. Bibi yangu hakunisimulia majoka, alinisimulia mazimwi. Nikaandika kurasa mbili juu ya zimwi linalokula watu wa mji mzima, binti yangu akanitengenezea vitenzi. Insha ikarudi imejaa wino mwekundu. Pembeni, juu, chini, kila mahali maneno yaleyale: umejuaje? Nani kasema? Nilipoandika kuwa mazimwi yote hula watu, hapo palikuwa pamepigwa mistari miwili.

Baada ya darasa nikamfuata. Mbele ya watu husema Kiingereza, lakini tukibaki wawili hunisemesha kwa lugha ya bibi yake.

"Ami, huku kila neno lina mwenyewe," akanambia. "Ukilitumia bila ya kumtaja umeiba. Mwishoni uandike nani kasema, wapi, na lini."

"Hata zimwi?"

"Zimwi ni lako, lifanye utakavyo. Lakini likifungua mdomo nataka nijue maneno yake umeyatoa wapi."

Basi wa nne katika orodha yangu ni yeye, si kwa vidole bali kwa yaliyofuata, ingawa yeye namsamehe. Wenzangu walifahamu kuwa anataka majina ya vitabu. Mimi sikuwa na vitabu. Nilikuwa na miaka ishirini ya Ghala.

Insha ya mwisho ndiyo ilikuwa ya cheti. Niliiandika kwa wiki tatu, juu ya meza ya kulia chakula, mke wangu akiinua daftari kila anapotaka kutandika. Ilikuwa ni nchi ambayo zimwi limenyanyua mbingu kwa mkono mmoja, na watu wanafanya kazi chini yake. Mapatano yao ni kwamba zimwi litashikilia na wao hawatatazama juu. Siku moja mkono unaanza kutetemeka, unatoa jasho, jasho linawadondokea watu vichwani, jeusi, linanuka mafuta. Wanakwenda kuliambia. Zimwi linasema mkono huu utamaliza mwezi, uacheni. Anayeuliza tena, karani wa zimwi anamwandika kuwa ni mvivu. Kisha mbingu inamwangukia mtu mmoja mguuni, na karani anaandika kwamba mtu yule aliweka mguu chini ya mbingu. Hapo nikawaingiza wanavyuoni wa daktari. Nikasema kama ni mapatano, basi pande zote mbili zitazame juu, na aliyetia sahihi kitandani huku analia kwa maumivu hakupatana na mtu.

Mpaka hapo nilikuwa sawa na wenzangu. Ukurasa wa mwisho ndio nilioufanya kama nilivyofundishwa. Vyanzo kumi na moja, kwa namba, kila neno na mwenyewe. Majina kamili na ya baba zao. Chanzo cha nne kilisomeka hivi: mudiri wa karakana, kwa kinywa chake, mbele ya lifti ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, "Itamaliza mwezi, iacheni." Chanzo cha saba alikuwa karani, dirishani, akiuliza kama damu imefika kwenye gari la mteja. Binti yangu alipoupiga chapa ukurasa ule aliniuliza mara mbili kama nna hakika. Nikamwambia daktari anataka hivyo.

Kabla ya kusahihisha, daktari alikuwa na mtindo wake. Hukusanya insha zote, huzichanganya kama karata, kisha humgaia kila mtu ya mwenzake aisome na kutoa maoni. Mimi nikapewa ya mtoto wa dada yake mudiri. Palikuwa na mwana wa mfalme ambaye upanga wake unang'aa, na kwa kuwa unang'aa, watu wote wamekubali atawale. Mjomba wa mwana huyo alikuwa mwenye hekima kubwa. Nikaandika pembeni: nani kasema? Nilipoinua kichwa nikamwona yeye anasoma yangu huku anapiga miayo. Akaufikia ukurasa wa mwisho. Miayo ikakatika. Akaingiza simu chini ya meza, nikasikia inapiga picha.

Siku ya pili yake mke wangu, niliyemhadithia ile picha, hakunifungia chakula. Alisema huenda nikarudi mapema.

Niliitwa ofisini saa nne. Mudiri alikuwa amekaa na karatasi moja mbele yake, karani kasimama mlangoni. Nikatazama ile karatasi nikaona ni ukurasa wa vyanzo peke yake. Kijana alipiga picha palipo na majina, kurasa za zimwi hakuzigusa. Nikaanza kuhesabu miaka yangu ya kazi na kile nitakachowaambia nyumbani, nikisubiri Kiarabu kianze.

Akanisemesha kwa Kiswahili. Aliuliza kama ni kweli karatasi hii ni ya chuo, na kama inasomwa na daktari. Nikasema ndiyo, na kwamba chuoni kila neno la maana lazima aandikwe aliyelisema. Hapo alinyoosha mgongo. Akavaa miwani, akapita orodha kwa kidole, akihesabu mara ngapi katajwa. Alitajwa mara tano, karani mara mbili tu. Kidole kikasimama kwenye chanzo cha nne, na uso ukabadilika.

"Hapa umenisingizia," akasema. "Umeandika mwezi. Mimi mtu wa mipango, nitasemaje mwezi? Nilisema itamaliza mwaka."

Karani akakohoa.

"Hukumbuki? Ulikuwepo," akamwambia karani. "Nilisema mwaka. Bajeti ya lifti ilikuwa ya mwaka unaofuata."

Karani akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu. Mudiri akachukua kalamu, akakata neno langu, juu yake akaandika la kwake kwa Kiarabu, safi kabisa. Na kwa kuwa katika karakana ile miaka yote hakuna karatasi iliyotoka juu ya meza ya mudiri bila ya sahihi na muhuri, hata ikiwa ya kuomba sukari ya chai, mkono wake ukaenda wenyewe. Akatia sahihi. Akapiga muhuri. Akanirudishia, akanambia daktari aipate hii iliyosahihishwa, na kwamba cheo chake kiandikwe kwa ukamilifu.

Nilitoka na karatasi ile nimeishika kwa vidole viwili mpaka wino ukauke.

Nilimpelekea daktari. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Aliniuliza kama mguu ndio ule. Nikamwambia mke wangu alitaka nimwonyeshe toka siku ya kwanza. Hakucheka. Alichukua kalamu nyekundu akaandika pembeni ya chanzo cha nne kwamba chanzo kimethibitishwa na mwenyewe, akanipa alama za juu kuliko wote. Kisha tukakaa palepale darasani, tukaandika barua ambayo nilidhani nitafundishwa tangu mwanzo. Nusu ukurasa tu. Tarehe, heshima, shida, na kiambatanisho kimoja chenye muhuri. Nikaipeleka makao makuu kwa mkono wangu, nikasubiri wapige muhuri wa kupokea.

Majibu yalichukua miezi mitano. Katika miezi hiyo mtoto wa dada yake mudiri alipata cheti, akapata usimamizi, akapata meza. Mudiri naye alipandishwa, akahamia makao makuu hukohuko. Lifti ya tatu imepakwa rangi ya kijani.

Kisha nikaitwa kuambiwa ombi langu limekubaliwa na mstari umefutwa. Nikaomba nilione faili. Karani alinitolea, akakaa mbele yangu akinitazama kama ninayeweza kukimbia nalo. Kweli, uzembe wa fundi haupo. Mahali pake wameandika: ajali imesababishwa na lifti. Basi. Lifti iliamka asubuhi ikaamua. Hapana aliyeambiwa mara tatu, hapana aliyesema mwezi wala mwaka, hapana hata bajeti. Nilisoma mara ya pili, polepole, kama nilivyosomeshwa, nikitafuta mtu ndani ya sentensi ile. Hayumo.

Nikatoa kalamu nyekundu mfukoni, nikaandika pembeni ya mstari, kwa Kiarabu kibovu lakini kinasomeka: nani kasema?

Karani akanambia faili haliandikwi na fundi. Nikamwambia aandike ripoti, na akishamaliza aniletee niisome kwanza, ndipo nitie sahihi.