Upepo Nilioutoa Kiambere

Gari lile tuliliita nyumba, kwa sababu lilikuwa nyumba. Wamishonari walilijenga juu ya chasi ya lori dogo: vitanda viwili, meko ya gesi, tangi la maji, kabati la dawa na mlango wa nyuma wenye ngazi. Waliporudi kwao waliliacha kanisani kwetu Meru, na usukani nikaachiwa mimi. Nililiendesha miaka tisa, nikimpeleka muuguzi na wahubiri katika nchi kavu ya Mbeere. Namshukuru Mungu kwa kila safari ya miaka hiyo. Iko moja tu ambayo bado najifunza kuishukuru.

Mmishonari aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilipakia gari kila kitu, akalipeleka kwenye mizani ya malori, akapima uzito wa mbele peke yake na wa nyuma peke yake. Kisha akaandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa dereva: mbele hamsini, nyuma sitini na tano. Huo ndio upepo wa matairi, akasema, na unapimwa asubuhi, gari likiwa halijasogea hata hatua moja. Tairi likishatembea hupata joto, na geji ya kupimia upepo husoma zaidi ya ukweli.

Alinifundisha pia kwamba gari refu kwenda juu halitaki haraka. Breki ikanyagwe kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka. Mteremko ushukwe kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Tangi la maji lijae kabisa au liwe tupu, kwa maana maji nusu hukimbilia upande unaoinama. Lori likikupita na upepo wake ukusukume, usishindane nao. Punguza mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, ungoje. Niliyashika maneno hayo kama katekisimu, na kwa miaka tisa hatukuwahi kugusa hata ukingo wa mtaro.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu. Alikuwa amenifundisha mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Zaidi ya hayo, alitahiriwa pamoja na baba yangu. Kwetu Wameru, mtu wa rika la baba yako ni baba yako. Humwiti jina lake, humkatizi maneno, na akikutuma unakwenda, hata uwe na mvi. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Safari yangu ya mwisho alikuja pamoja nasi hadi Kiambere. Tulitoka Meru alfajiri, na baridi ya mlima bado imekaa kwenye vioo. Tulipofika, jua lilikuwa la saa sita na ardhi ilikuwa inachoma kupitia soli za viatu. Muuguzi alianza kuwahudumia watu kwenye baraza ya kanisa dogo la mabati. Mwenyekiti akachukua geji yangu na kuzunguka gari.

"Kijana wangu, umeona hii? Sabini na nane! Unataka kutuua?"

"Ni joto, baba. Asubuhi yalikuwa sitini na tano. Yakipoa yatarudi yenyewe."

"Nani alikufundisha sayansi?"

"Ni wewe, baba."

Akina mama wa Kimbeere waliokuwa wakingoja dawa walicheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, mchape! Ndevu zimeota na bado hasikii!"

"Haya, mwanafunzi wangu," akaendelea, naye sasa akifurahia wasikilizaji wake, "hewa ikipata joto hufanya nini?"

"Hupanuka."

"Na ikizidi kupanuka ndani ya mpira?"

Akajijibu mwenyewe.

"Hupasua. Toa upepo."

Nilijua alikuwa amekosea. Sikuhisi tu, nilijua. Lakini ningemwambiaje baba yangu, mbele ya wanawake wanaocheka, kwamba hajui? Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikabonyeza kijiti kwenye valvu moja baada ya nyingine, mpaka geji ikasoma vile alivyotaka, nyuma sitini na tano na mbele hamsini. Akanipiga begani. "Umeona? Kumbe bado unafundishika."

Tulilala huko. Asubuhi nilipima tena, matairi yakiwa yamepoa. Ya nyuma yalisoma hamsini na mbili, na ya mbele yalikuwa yamelegea vilevile. Nikatoa pampu ya mguu. Kuyajaza yote kungechukua karibu saa nzima, na mwenyekiti alikuwa na harambee ya shule Meru saa nane mchana.

"Jana yalikuwa sawa, leo yameharibika?" akasema. "Rudisha hiyo pampu. Twende."

Nikairudisha.

Nililisikia gari mapema. Kila nilipogeuza usukani, nyuma ilichelewa kufuata, kama ng'ombe anayevutwa kwa kamba. Niliendesha polepole kiasi kwamba wenye mikokoteni ya punda waliniangalia kwa huruma. Tulipita Embu, tukapita Runyenjes. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni nilipunguza mwendo kabla ya kona na kuingiza gia ya pili. Lori la mbao lilikuwa likipanda. Lilipotupita, upepo wake ulitusukuma kushoto. Sikukanyaga breki. Nilipunguza mafuta, nikashika kwa mikono miwili, nikangoja, kama nilivyofundishwa. Mbele ikatulia. Nyuma haikutulia. Tairi la kushoto lilijikunja, likachomoka kwenye rimu, na nyumba yetu ikalala kwa ubavu mtaroni, kando ya shamba la kahawa.

Mwenyekiti alitokea dirishani bila hata mchubuko. Muuguzi alikuwa amejinyoosha kitandani nyuma, na kabati la dawa lilimwangukia. Mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kiwiko. Ulipona, Mungu asifiwe, lakini haukuwahi tena kushika sindano.

Wazee saba wa kanisa walikutana. Mwenyekiti alisema tuliteremka kwa kasi. Muuguzi alisema hakuona kitu, alikuwa amelala. Nikasimama, nikaeleza habari ya Kiambere tangu mwanzo.

"Baba," nikasema, "si wewe uliniambia nitoe upepo?"

Aliniangalia kwa upole, kama mwalimu anayemsubiri mtoto mzito wa kuelewa. "Katika gari lile, dereva alikuwa nani?"

Baadaye mmoja wa wazee, mtu wa rika langu, alinishika mkono nje. "Ndugu, hata mimi najua ni kweli. Lakini mzee kama yule, nitamwambiaje?"

Swali hilo hilo lilikuwa limenipigisha magoti mchangani.

Wakanitenga na Meza ya Bwana mpaka nikiri mbele ya kanisa kwamba niliendesha kwa pupa. Usukani walikuwa wamekwisha kuuchukua, na huo sikuulilia. Meza niliililia. Niliketi benchi la nyuma pamoja na vijana waliowapa wasichana mimba na mama mmoja aliyepika pombe haramu ya chang'aa, na siku ya Ushirika Mtakatifu tulitazama migongo ya wenzetu wakienda mbele.

"Sema tu, baba watoto," mke wangu aliniomba. "Ni maneno matatu."

"Ni matatu ya uongo, na nitayasema mbele ya Kristo."

Jumapili moja nilisimama kwa hiari yangu. Nikasema: "Nilitoa upepo nikijua si sawa, kwa sababu nilimwogopa mtu kuliko Mungu. Hatia ya mkono wa dada yetu muuguzi iko juu yangu."

Mchungaji akauliza, "Na ile kasi?"

"Kasi haikuwapo."

"Basi keti."

Nikaketi miezi mingine tisa. Kisha mchungaji huyo akahamishwa, akaja kijana asiyejua habari zetu. Aliona orodha ya waliotengwa, akasema tumeteseka vya kutosha, na Jumapili ya mavuno akatuita wote mbele kwa pamoja. Hakuuliza nani alifanya nini. Nilisimama kati ya mama wa chang'aa na wale vijana, tukasamehewa kwa sala moja.

Mwenyekiti ndiye aliyebeba sinia la vikombe. Alipofika kwangu aliinama.

"Karibu nyumbani, kijana wangu," akanong'ona. "Sote tumekusamehe."

Alisubiri nimshukuru, kama desturi inavyotaka. Nilichukua kikombe, kwa sababu kilikuwa cha Bwana na hakikuwa chake, nikanywa. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote, na ninamshukuru hadi leo. Yule mzee sikumjibu. Aliishi miaka sita baada ya hapo. Nilimsalimia kila Jumapili kwa heshima ya baba, na neno lile alilosubiri hakulipata.