Konzi Moja ya Mnafu

Saa kumi na mbili asubuhi, Kibosho, ukungu bado haujainuka. Digna Sirili anavaa glavu nene za ngozi, kisha anashika mundu. Wenzake wanaokata majani ya ng'ombe wanamtania kuwa ni bibi harusi. Hacheki wala hanuni. Anakata, anafunga mzigo, anapanda nao kilima taratibu.

Mama huyu wa miaka 44 ana ng'ombe wawili, lita kumi na moja za maziwa kwa siku, na valvu ya bandia kwenye moyo. Ukikaa naye karibu unaisikia: ti, ti, ti.

Damu hupenda kuganda kwenye valvu kama hiyo, na donge likikwama mtu anaweza kupooza au kufa. Kwa hiyo kila jioni Digna humeza warfarini, dawa inayochelewesha damu kuganda. Ndiyo sababu pia ya glavu, maana akijikata damu haikatiki upesi.

Muuguzi alimweleza mapema kuwa mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakukatazwa mboga, aliambiwa ale kiasi kilekile kila siku. Wakakubaliana konzi moja ya mnafu.

Ikaja Kwaresima. Digna, Mkatoliki wa kweli, akaacha nyama siku zote arobaini, na mvua ilikuwa imejaza mnafu shambani. Akala mchana, akala jioni.

"Nilikuwa namfungia Mungu," anasema. "Na dawa nameza. Nikaona niko salama."

Juma Kuu akashuka Moshi kupima. Kipimo chake cha kuganda kwa damu hutakiwa kisipungue mbili na nusu. Kilikuwa moja na nusu, maana yake damu ilikuwa inaganda upesi mno. Daktari akauliza ameruka vidonge vingapi. Hakuruka hata kimoja. Walipofika kwenye chakula, mambo yakawa wazi.

Akalazwa, akachomwa sindano, Pasaka ikamkuta wodini.

"Niliogopa, sikufichi. Nilikuwa nalala naisikiliza tu, isije ikanyamaza."

Donge halikuonekana, kipimo kikapanda, akarudi kwa ng'ombe wake. Paroko alimwambia mgonjwa halazimiki kufunga. Digna hataki kusamehewa kiasi hicho: mwakani ataacha sukari kwenye chai, na mnafu utabaki konzi moja.

Anatua mzigo mbele ya zizi, anavua glavu. Binti yake, Aika, yuko kidato cha pili, na hulalamika kwamba ile ti, ti inamsumbua akijisomea.

"Namwambia, mwanangu, omba iendelee kukusumbua."