Karatasi ya Orrin Kwenye Friji

Verla Stuckey, dereva wa basi la shule katika mji wa Pell Creek, Idaho, alikuwa na miaka hamsini na nane na hakuwa mtu wa kuambiwa kitu kuhusu bastola. Wenzake wakipata likizo walikimbilia ziwani kuvua samaki. Yeye alijiandikisha kozi ya kulenga shabaha. Alishamaliza tisa, na vyeti vyote alivitundika juu ya mashine ya kufulia. Adui hakuwa naye wala hakumtafuta. Alipenda tu kuona karatasi inatoboka pale pale alipotaka yeye.

Jikoni kulikuwa na karatasi nyingine ya shabaha, kwenye mlango wa friji. Hiyo ilikuwa ya mumewe Orrin, fundi bomba, mtu wa maneno machache. Miaka mitatu nyuma aliazima bastola ya mkewe, akapiga risasi kumi, na zote kumi zikaenda kulia kama zimeitwa. Verla akaibandika kwa sumaku, na tangu hapo hakuna mgeni aliyekula kwao bila kuonyeshwa.

"Huyo ndiye mlinzi wangu," alikuwa akiwaambia. "Dubu akitokea, mwombeni asogee kulia kidogo."

Wageni walivunjika mbavu. Orrin aliongeza viazi kwenye sahani yake, akaendelea kula.

Kozi ya kumi ndiyo iliyomkosesha usingizi, kwa sababu ilikuwa ya ualimu. Mama aliyefundisha wanawake kila Jumamosi kwenye klabu ya shabaha alikuwa amehama, na wanawake kumi na mmoja walikuwa wakingoja. Klabu ilisema wazi: Verla akipata cheti, darasa ni lake, asipopata, linafungwa. Naye, kwa jinsi alivyojiamini, alishawaalika wote kumi na mmoja kabla hata hajafanya mtihani. Huyo ndiye Verla.

Mkufunzi alikuwa Dwight Pruett, mzee mfupi asiyepaza sauti hata uwanjani. Asubuhi ya siku ya pili Verla alipiga ishirini kwa ishirini ndani ya duara, akawageukia wenzake kama mtu anayengoja kupigiwa makofi.

"Vizuri," Pruett akasema. "Sasa kila mtu ampe jirani yake bastola. Mwalimu hachagui silaha ya mwanafunzi. Kumi na nane ndani, umepita."

Jirani yake alikuwa Lonnie Akers, seremala mpole. Verla akaichukua bastola ya Lonnie, akasimama, akapiga. Sita tu ziliingia kwenye duara. Nyingine zote zilikwenda kushoto.

"Lonnie, bwana, bastola yako imepinda."

"Ajabu," Lonnie akasema. "Jana ilikuwa imenyooka."

Karatasi ya Lonnie, aliyepiga kwa bastola ya Verla, ilikuwa na mashimo yaliyokaribiana sana ungeyafunika kwa kikombe. Yote yalikuwa kulia. Pruett akaitoa risasi ile bastola, akaigeuza juani, akatazama kile kichuma cha nyuma cha kulengea. Kilikuwa kimesukumwa pembeni, na ubavuni kilikuwa na alama.

"Nani alikigonga hiki?"

Masikio ya Verla yakawaka moto. Angeweza kukilaumu kiwanda, na kusema kweli ndicho alichokilaumu bastola ilipokuwa bado mpya, risasi zilipokataa kuacha kwenda kushoto. Alichukua nyundo ya Orrin akakigonga kichuma kuelekea kulia mpaka mashimo yakaja katikati. Kozi zote tisa alizifanya na bastola hiyo hiyo, na mashimo yakiwa katikati, nani angeuliza?

"Mimi," akasema.

Pruett hakumgombeza. Alichanganya risasi bandia na za kweli kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, bila kumwonyesha, akampa. Ya kwanza ikalia. Ya pili ilikuwa bandia: ikasema tik, na mdomo wa bastola ukainama kushoto wenyewe, mbele ya watu wote.

"Mkono wako unaukimbia mlio kabla haujatoka," Pruett akasema. "Badala ya kuufunza mkono, umeipinda bastola. Mtihani tunarudia saa tisa."

Iliuma jamani. Lakini Verla hakuwa mtu wa kwenda kulia garini. Saa ya chakula alibaki kwenye mstari wa kulengea, na Lonnie akauweka mkate wake chini akawa anamjazia magazini, bandia na za kweli. Tik, ukainama. Tik, ukainama kidogo. Kufika saa nane na nusu, tik, mdomo ukatulia tuli.

Saa tisa alipiga kwa bastola ya Lonnie. Kumi na tisa ndani.

Nyumbani alimkuta Orrin anakaanga nyama. Hakumsalimia, alikwenda moja kwa moja kwenye friji, akaibandua karatasi.

"Umefeli?"

"Nimepita. Orrin, wewe hukukosea siku ile. Ni mimi niliyekigonga kile kichuma."

Orrin akageuza nyama. "Najua. Niliiona alama siku ile ile. Nyundo si yangu?"

"Miaka mitatu! Na ulikuwa unaninyamazia tu?"

"Ulikuwa ukiwaonyesha watu unacheka mpaka unashika meza," Orrin akasema. "Mimi ni fundi bomba, Verla, shabaha si kazi yangu. Nikasema, mwache acheke."

Verla akavuta kiti akakaa. Aibu aliyoiona uwanjani haikufika hata nusu ya hii, na bado alijikuta anampenda mtu yule kuliko asubuhi.

Jumamosi wanawake kumi na mmoja walikuja. Kabla hawajagusa silaha yoyote, Verla alibandika ile karatasi ukutani mwa darasa.

"Mashimo haya kumi ni ya mume wangu," akawaambia. "Alilenga sawasawa mara zote kumi. Aliyekosea ni mimi, na leo tutaanza na kosa langu."

Kisha akawagawia risasi bandia.