Vijiko vinne vya Faina

Nilifanya kazi na Rimma Lvovna miaka kumi na tisa, maabara moja huko Moscow. Yeye ndiye aliyetunza panya. Kundi moja walikuwa na kipokezi cha kwenye seli za figo kinachohisi alkali ikizidi mwilini. Kundi jingine walizaliwa bila hicho. Wote aliwatilia magadi, ambayo ni alkali, kwenye maji. Wale wa kwanza waliyatoa kwa mkojo. Wale wengine damu yao ilibaki na alkali nyingi, na Rimma aliandika vipimo vyao.

Dada yake mkubwa, Faina, aliishi Tula. Kisukari kilikuwa kimekwisha kuzichosha figo zake. Jirani yake, Zoya, akamletea kijitabu: magadi meupe ya kuumulia mikate yanatibu kila kitu, vijiko vinne kwa siku.

Rimma aliposikia, Jumamosi hiyohiyo alipanda treni.

"Dada, acha hayo magadi. Figo zako hazina nguvu ya kuyatoa. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona wapi? Kwenye vizimba?" Faina akacheka. "Mwosha vinyesi leo kawa daktari!"

"Figo ni figo, dada."

"Basi mimi panya. Niletee jibini, kisha unywe chai yako."

Rimma alimwaga paketi nzima ya magadi kwenye sinki. Jumatatu Faina akanunua nyingine.

Wiki ya tatu Zoya alipiga simu: Faina anatapika, vidole vimekakamaa na kujikunja, anaongea na mama yao aliyekufa zamani. Rimma alifika hospitali akamweleza daktari juu ya magadi. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Walimtundikia Faina dripu, wakasema wataandaa mashine ya kusafisha damu. Moyo wake ulisimama kabla ya adhuhuri.

"Ningebaki naye Jumamosi ile," Rimma aliniambia. "Niliwahi treni ya jioni kwa sababu Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kulisha panya."

Siku ya arobaini nilikwenda naye Tula. Alipika uji wa ngano wenye asali na zabibu kavu, chakula cha matanga cha kwao, akaweka picha ya Faina mezani. Zoya alikuja na maua.

"Maskini, alichelewa kuanza," Zoya alisema akivua koti. "Angeanza mapema, magadi yangemponya."

Rimma akavuta kiti.

"Kaa, Zoya," alisema. "Chakula kinapoa."