Mfamasia wa Lodwar na Vidonge Vilivyorudishwa

Saa tatu asubuhi. Jua la Lodwar limeshaanza kuchoma, na Dokta Byron ameikodolea macho karatasi ya dawa kama mtuhumiwa anayetakiwa kutia sahihi maelezo yake. Kalamu anayo, ila haiandiki.

Pembeni amesimama Jebet, mfamasia wa miaka arobaini na mmoja. Kazi yake rasmi ni kutoa dawa. Aliyojitwika mwenyewe ni kuwafundisha madaktari wanagenzi kuandika vidonge vya kuzuia damu kuganda bila kutetemeka.

Mgonjwa ni Santino, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa. Alivunjika mguu, akalala wiki sita, na sasa damu imeganda pajani. Figo zimepimwa, ziko sawa. Byron anaijua dozi, lakini anahofia mgonjwa asije akavuja damu huko mbali. Anauliza kama aspirini haitatosha kwanza.

Neno hilo linamchoma Jebet. Miaka sita iliyopita, katika kliniki nyingine, daktari kijana aliingiwa na woga huohuo akamwandikia aspirini Ayen, mama wa watoto watatu aliyevimba mguu baada ya kujifungua. Jebet alijua haifai, lakini akampa hivyohivyo. Mfamasia hamsahihishi daktari. Ndivyo alivyolelewa kazini. Siku ya tisa bonge la damu lilipanda mapafuni, Ayen akafa.

Baada ya mazishi mumewe, Kuot, mkazi wa kambi hiyohiyo ya Kakuma, alirudi kliniki na vidonge ishirini na kimoja vilivyobaki, vimsaidie mtu mwingine. Akamshukuru Jebet, akaondoka. Jebet alijifungia stoo akalia.

Tangu hapo karatasi ya namna hiyo haipiti dirishani kwake. Amefundisha madaktari kumi na wanne. Kila mmoja huandika namba yake ya simu kwenye bahasha ya dawa, na siku ya tatu humpigia mgonjwa.

"Dokta, kuogopa damu si kosa," anamwambia Byron. "Lakini hii bonge ikipanda, woga wako haitamsaidia Santino."

Byron anaandika, dawa pamoja na namba.

"Sasa nikiona damu kwa meno napigia wewe, sio?" anauliza Santino. Byron anaitikia.

Santino amemwambia Jebet kwamba Kuot bado yuko kambini. Kabla ya Krismasi Jebet anapanga kwenda kumtafuta, safari aliyoikwepa miaka yote hii.

"Alinishukuru," anasema, macho sakafuni. "Nataka ajue alikuwa anamshukuru nani."