Uso Uliokuwa Kwenye Kwaya

Sijui kama nafaa kuandika juu ya kompyuta. Niliishia darasa la saba, na mengi nimeyashika kwa kubahatisha. Lakini nililoliona studioni kwangu, mtaani Nyasho, nililiona.

Programu yangu ya picha ni ya zamani, walioitengeneza wameshaiacha. Wapiga picha wenzangu mjini wananicheka. Haiwezi kumfuta mtu aliyesimama nyuma ya bibi harusi. Inakata, inang'arisha, inanyoosha picha iliyolala upande, basi.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Butiama. Jumamosi iliyofuata walikuwa wanaweka msalaba kwenye kaburi la mama yake, na picha ya marehemu hawakuwa nayo hata moja.

"Alikuwaga anakimbia kamera," alisema. "Ila kwenye harusi za kanisani ulizopiga aliimba. Alivaa sare ya kwaya."

"Dada, kwaya nzima imevaa sare."

"Ningekuwa na picha ningekufuata wewe?"

Ile programu haiangalii nguo. Ina ukurasa ambako inatoa nyuso zote kwenye picha na kuzipanga kama mbegu kwenye ungo. Tukazipitia. Akaweka kidole kwenye uso mmoja mdogo. Nikaandika "Mama", na programu yenyewe ikaleta nyingine nne, ya kwanza ya miaka mingi nyuma. Halafu ikaleta uso mwingine, ikauliza kama na huyu ni yeye.

"Huyo ni mimi," alisema, akakaa chini.

"Imekosea."

"Haijakosea sana."

Marehemu nilimpiga picha mara tano na sikuwahi kumwona.

Nne zilikuwa za ubavuni au zimezibwa na mabega ya watu. Nikachukua ile moja inayotazama mbele, nikawakata wenzake, nikaing'arisha, nikakopi kwenye flashi. Akaenda kuisafisha mjini, kwenye mashine ya kuchapa picha. Haikupita saa, simu.

"Kaka, nimekuomba mama mmoja, umenipa kwaya nzima. Tena gizani."

Kosa langu. Programu hii marekebisho inayaweka tumboni mwake. Faili lenyewe linabaki lilivyokuwa mpaka uiambie itoe nakala mpya. Najua hilo miaka yote, siku hiyo furaha ikanisahaulisha. Nisiionee lakini: kwa tabia hiyohiyo, hakuna picha ya mtu niliyowahi kuiharibu moja kwa moja, na mkono wangu si wa kuaminika.

Akarudi, nikatoa nakala sawasawa, akaisafisha. Zikawa mbili.

Jumamosi nilienda Butiama kupiga picha. Kwenye msalaba palikuwa na ile ya giza, wanawake kumi na wawili, mama katikati. Nikamwuliza binti yake ile nzuri iko wapi.

"Ndani. Akiwa peke yake mdomo wazi vile, anaonekana analia," alisema. "Hapa anaimba."

Nikaitazama tena. Ni kweli, alikuwa anaimba.